Ahadi na Deni

Wahenga walisema kuwa ahadi ni deni. Usemi huu hukaririwa sana hata uzito wake ukasahauliwa, ukachukuliwa kuwa onyo la adabu tu. Lakini ndani yake mna swali gumu. Ikiwa ahadi ni deni kama deni la fedha, kwa nini mwanadamu hukosa usingizi kwa hili na kulisahau lile? Filamu ya Denmark iitwayo Pusher, yaani mchuuzi wa dawa za kulevya, iliyotolewa mwaka 1996 ikiwa filamu ndefu ya kwanza ya Nicolas Winding Refn, yalikabili swali hili pasipo kulitaja.

Kisa chake ni cha juma moja katika mji wa Copenhagen, nacho husimuliwa siku baada ya siku. Frank, mchuuzi wa heroini, alikuwa na deni la kroni 50,000 kwa Milo, tajiri wake. Alichukua mzigo mwingine kwa mkopo, akitumaini kuuza na kulipa. Polisi walimvamia, akakimbia, akajitosa ziwani, na mzigo ukapotelea majini. Tangu hapo deni lilikua na muda ukapungua.

Biashara iliyo nje ya sheria haina hati wala hakimu. Mdai hawezi kushtaki, wala mdeni hawezi kuomba muhula mbele ya baraza. Hofu ndiyo rehani pekee. Kwa hiyo ukatili wa Milo haukuwa hasira, ulikuwa hesabu. Lakini hesabu hiyo iliingia pia moyoni mwa Frank. Polisi walipomwambia kuwa rafiki yake Tonny amemsaliti, hakulipima neno. Alimpiga kwa gongo mpaka akaanguka. Mama yake, waliyetengana siku nyingi, alimwendea kwa ajili ya fedha. Mdeni wake mmoja alibanwa hata akajiua. Mnyonge wa Milo alikuwa mbabe wa wanyonge wake.

Yaweza kusemwa kuwa ufukara ndio ulioyazaa haya. Hoja hiyo ni nyepesi hapa, kwa maana Denmark ni nchi ambayo matibabu na elimu hugharimiwa kwa kodi ya wote. Serikali yaweza kumpa mtu tabibu na mwalimu. Haiwezi kumpa mtu wa kumwamini. Frank hakupungukiwa chakula. Alipungukiwa watu, na aliwapunguza mwenyewe, mmoja baada ya mmoja.

Mwishoni alibaki Vic, kahaba aliyetaka kwake mapenzi zaidi ya fedha. Frank alimwahidi kuwa watakimbilia Hispania pamoja. Kisha Milo akapiga simu, akasema kuwa atakubali malipo madogo na ugomvi utakwisha. Papo hapo Frank alimwambia Vic kwa ubaridi kuwa safari haipo tena. Vic akanyakua fedha, akatoroka. Kumbe nyumbani kwa Milo watu walikuwa wakitandika plastiki sakafuni ili damu isichafue. Frank alidanganywa kwa namna ileile aliyomdanganya Vic, na karibu katika saa ileile.

Huenda angalitimiza ahadi yake angaliokoka. Hata hivyo, hiyo si sababu ya kuitimiza, kwa maana ahadi itimizwayo kwa faida ni biashara nyingine tu. Tofauti ya madeni haya mawili ni nyingine. Deni la fedha lina mtu wa kulidai kwa nguvu. Deni la neno halina mdai ila dhamiri ya aliyelitamka. Alipaye kwa sababu ya kutishwa huonyesha kuwa ana hofu, na hofu hata mnyama anayo. Atimizaye neno ambalo hakuna awezaye kumlazimisha alitimize, huyo ndiye huonyesha kuwa ana utu.

Filamu haikuonyesha kifo cha Frank. Ilimwacha amesimama peke yake, akitazama mbele, hana fedha, hana rafiki, wala hana wa kumlilia. Deni lake kwa Milo lilikuwa kubwa kupita uwezo wake. Deni lake kwa Vic alikuwa na uwezo wa kulilipa siku ileile.