Gonga Alama, Urudi

Mwaka 1891 Richard Mecredy wa Ireland alianzisha polo ya baiskeli: mkono mmoja hushika usukani, wa pili hupiga mpira kwa gongo. Siku hizi huchezwa pia penye sakafu ngumu, watu watatu kila upande. Huko mchezaji akikanyaga chini, haruhusiwi kuugusa mpira, lakini hafukuzwi. Huenda kando ya uwanja, hugonga alama iliyowekwa, kisha huwarudia wenzake. Akijifanya hakukanyaga, huwadhulumu wote.

Huku Mbulu twafahamu thamani ya kurudi. Mwaka 1968 John Stephen Akhwari, mzaliwa wa huku, alianguka katika marathoni ya Mexico, akaumia goti. Alifungwa bandeji, akaendelea hata akamaliza, wa mwisho kati ya watu 57.

Enyi wazazi, mtoto akikosa, msimfichie kosa lake, wala msimfungie mlango: mwonyesheni pa kurudia. Na sisi sote tuangukapo, tusikae kando kwa aibu. Alama yetu ni Kitubio. Twende tukaigonge, tukarudi kazini.