Usibane Pumzi: Nasaha kwa Vijana Wanaozamia na Mtungi

Wanangu wa Nungwi na Kizimkazi, wa Mkoani na Kilindoni, wa Shimoni na Watamu, nina neno nanyi. Nawasikia barazani na bandarini mkibishana: mtu anayezamia kwa kujifurahisha tu, pamoja na kijana anayemwongoza, ni lazima asome na apewe kadi ndipo avae mtungi wa hewa? Au kadi ni njia ya wenye vituo ya kukusanya dola? Jibu langu nalitoa mapema. Mafunzo ni lazima, tena kwenu nyinyi mliozaliwa ufukweni ni lazima zaidi kuliko kwa mgeni aliyetoka nchi isiyo na bahari.

Najua neno hilo linachoma. Mtoto aliyekua akifuata pweza mwambani, anayeshuka pima tatu kwa pumzi moja na kuibuka na chaza mkononi, ataelezwa nini kuhusu maji na mtu aliyejifunzia kuogelea kwenye bwawa la hoteli? Lakini nisikilizeni. Ustadi huohuo ndio unaowatia hatarini. Tangu mlipokuwa wadogo miili yenu imezoezwa mambo mawili: ukienda chini, bana pumzi, ukihemewa, panda juu upesi. Kwa anayezamia na pumzi yake mwenyewe, mambo hayo mawili ni uhai. Kwa aliyevaa mtungi, ni mauti.

Sababu yake si siri. Mwanasayansi Robert Boyle aliitangaza tangu mwaka 1662: hewa ikigandamizwa hupungua ukubwa, ikiachiliwa hutanuka. Hapa juu tunabeba mgandamizo mmoja wa hewa ya mbinguni. Kila mita 10 za maji huongeza mwingine mzima. Mita 10 ni miwili, mita 20 ni mitatu, mita 30 ni minne. Mfuata pweza huondoka juu amejaza mapafu. Akifika mita 10 hewa ile imefinyika ikawa nusu, na akirudi hutanuka mpaka kipimo chake cha awali. Hakuna kilichozidi, kwa hiyo hakuna kinachopasuka. Mwenye mtungi si hivyo. Kipumulio humpa hewa yenye mgandamizo sawa na wa maji yaliyomzunguka, kwa hiyo mapafu yake yamejaa pomoni hukohuko chini. Akibana pumzi na kupanda kutoka mita 10, hewa ile itadai nafasi mara mbili, na kifua hakina nafasi hiyo. Mapafu huchanika, hewa huingia katika mishipa ya damu, nayo damu huipeleka kwenye ubongo. Wala msidhani ni habari ya vilindi tu. Kina cha mita moja na ushei kinatosha kumuua mtu aliyevuta hewa ya mtungi na kubana pumzi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza katika darasa lolote la uzamiaji ni hii: usibane pumzi kamwe. Kuisikia ni jambo la dakika moja, na hapo ndipo wengi wenu mnapojidanganya, maana mtu akishaisikia hudhani ameshaijua. Miwani ikijaa maji ghafla, au pezi la mwenzako likikung'oa kipumulio mdomoni, hutakumbuka alichokuambia rafiki yako juu ya mashua. Mwili utafanya ulichozoea kufanya tangu utotoni: utafunga koo na kukimbilia juani. Kozi ya kweli ipo kwa ajili ya kuuvunja mwili mazoea hayo. Mnaanzia maji ya kifuani. Mwalimu anakuvua miwani, unairudisha na kuitoa maji kwa kupuliza kwa pua. Unatupa kipumulio, unakitafuta huku ukitoa viputo vidogo vidogo. Unapumua kwa kipumulio cha akiba cha mwenzako, mnapanda pamoja bila haraka. Mnarudia mpaka ichoshe, kisha ndipo mnaingia bahari kubwa. Kabla ya hayo yote umeshaulizwa kama una pumu, kama moyo wako una ugonjwa, na umeogelea mita 200 na kuelea dakika 10 bila msaada. Hayo ya kuogelea mtayafanya mkicheka. Hayo mengine yanahitaji mwalimu.

Hatari ya pili haionekani wala haisikiki, nayo ndiyo iliyolemaza vijana wengi zaidi wa mwambao huu. Hewa tunayovuta sehemu yake kubwa ni nitrojeni, ambayo mwili hauitumii. Ukikaa chini, mgandamizo unaisukuma iingie katika damu, mafuta na viungo. Ukipanda polepole inatoka kwa njia ya mapafu na hakuna baya. Ukipanda kwa pupa, au ukiwa umekaa sana, au umeshuka mara nyingi kwa siku moja, inageuka viputo humohumo mwilini. Mfaransa Paul Bert aliueleza ugonjwa huu mwaka 1878, na mwaka 1908 Mskoti John Scott Haldane akatoa majedwali ya kupanda kwa vituo baada ya kuwajaribu mbuzi katika chumba cha mgandamizo. Leo mzamiaji aliyefunzwa hupanda taratibu, kiasi cha mita 9 kwa dakika, kisha husimama dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutoka. Mgeni aliyezamia mara kadhaa humzuia asipande ndege mpaka zipite angalau saa 18. Nani kati yenu mnaovaa mtungi kwa kuambiwa na rafiki amewahi kupewa hesabu hizo?

Waangalieni wanaofuata majongoo ya bahari. Mtaji wa tajiri, mashua ya tajiri, mitungi ya tajiri, na kijana aliyesifiwa kwamba anaijua bahari. Anashuka asubuhi, anabadilisha mtungi, anashuka tena, na kila safari anakwenda chini zaidi kwa sababu majongoo ya maji mafupi yamekwisha. Jioni mabega na magoti yanauma. Anaambiwa ni uchovu, anameza kidonge na kulala. Alfajiri miguu ina ganzi, mkojo hautoki. Nyumbani wanasema amekumbwa na shetani wa bahari, aitwe mganga. Sitaki kumdharau mganga wala wazee wangu waliosema hivyo, kwa kuwa hawakuwa na maelezo mengine mbele yao. Lakini kila saa inayopita kwenye mkeka ule inakula uti wa mgongo wa kijana. Alichohitaji tangu dakika ya kwanza ni oksijeni safi, kulazwa, na safari ya kwenda kwenye chumba cha mgandamizo, na vyumba hivyo katika Afrika Mashariki nzima vinahesabika kwa vidole. Nimewaona vijana waliotembelea fimbo kabla ya kuoa.

Jambo hili si letu peke yetu. Upande wa pili wa dunia, pwani ya Karibiani ya Honduras, Wamiskito walikuwa wazamiaji mahodari kama nyinyi. Zikaja mashua za biashara ya kamba koche na mitungi, na mafunzo hayakuja. Wanaume walishushwa mtungi baada ya mtungi, wakarudi wamepooza au maiti. Kesi ya Wamiskito 42 ilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, na mwaka 2021 hukumu ikatoka. Dola ya Honduras ilikiri kuwajibika. Lakini zingatieni kwamba miguu iliyokufa haikurudishwa na hukumu ile.

Sasa nije kwenye hoja yenu kwamba kadi ni biashara. Ni kweli, ni biashara, sitaificha. PADI, shirika ambalo kadi zake mnaziona zaidi, lilianzishwa Marekani mwaka 1966 na John Cronin, muuzaji wa vifaa vya kuzamia, na Ralph Erickson, mwalimu wa kuogelea. Wapo wengine, kama SSI na CMAS, nao hawafundishi bure. Tena katika nchi nyingi hakuna askari atakayekukamata kwa kuzamia bila kadi. Kizuizi chenyewe ni kituo chenye adabu kukataa kukujazia mtungi. Mnasema pia kwamba Jacques-Yves Cousteau, aliyetengeneza kipumulio na Émile Gagnan mwaka 1943, hakuwa na kadi ya mtu. Sawa, hakuwa nayo, kwa sababu hapakuwa na wa kumfundisha. Mnajua yeye na wenzake walilipia nini elimu hiyo? Mwaka 1947, huko Toulon, mwenzake Cousteau katika Jeshi la Wanamaji, Maurice Fargues, alishuka kwa kamba mpaka mita 120 akaandika jina lake kwenye kibao. Alipovutwa juu, kipumulio kilikuwa kimetoka mdomoni. Alikuwa amefariki. Hewa ya kawaida katika vilindi hulevya, na kwa wengi ulevi huo huanza kuonekana karibu na mita 30. Tunalijua hilo leo kwa sababu watu kama Fargues walikufa. Aliye na mwalimu mlangoni, kisha akachagua kujifunza kwa njia ya Fargues, hana udhuru.

Hata hivyo msiipe kadi heshima isiyo yake. Kadi ya kwanza inakuruhusu mita 18, ambazo ni kama pima 10 za wazee wetu, pamoja na mwenzako, katika hali inayofanana na uliyofunzwa. Haikupi ruhusa ya kwenda Leven, lile fungu la kaskazini ya Unguja ambako mkondo wa mlango wa Pemba hauna huruma. Haikupi ruhusa ya mlango wa Kinasi kule Mafia siku za bamvua, maji yanapotoka Chole kwa nguvu. Haikutoshi kwa meli ya Dania iliyozamishwa kwa makusudi karibu na Mombasa mwaka 2002, sehemu zake za chini zikiwa karibu mita 30. Na kadi iliyokaa kabatini miaka mitano bila kuguswa na maji si ya kutegemewa. Mwenye kadi hiyo aanze tena maji ya kifuani, awe mgeni au mwenyeji. Hapo ndipo nyinyi mnapaswa kuwa na neno, maana mkondo, kusi na kaskazi mnavijua kuliko kitabu chochote. Mgeni akikuonyesha kadi ya dhahabu na bahari inakuambia hapana, ifuate bahari.

Yapo na ya kompresa, nayo nayapitia kwa ufupi. Mashine ya kujazia ikivuta hewa karibu na moshi wa injini, inatia kaboni monoksidi ndani ya mtungi. Haina harufu. Mzamiaji aliyefunzwa anajua kuuliza mtungi umejazwa wapi na lini, na kuuacha ukimtia shaka.

Kinachoniuma hasa ni ada. Kozi ya kwanza ni mamia ya dola, na kijana anayebeba mitungi ya wageni kutwa hawezi kuilipa. Wenye vituo mnaosoma haya: kijana huyo anaijua njia ya mwambani, anawashusha na kuwapandisha wageni wenu, na siku moja mtamwambia ajitose akamwangalie mgeni aliyechelewa kuibuka. Mtamwambia, nyote mnajua. Basi mfundisheni kabla ya siku hiyo, na ada yake iwe sehemu ya ujira wake. Na mashuani pawe na oksijeni, siyo ofisini.

Nanyi wanangu, ombeni kufundishwa, tena ombeni kwa sauti na mbele za watu. Mtu akikwambia unaijua bahari huna haja ya darasa, mwambie mzee wako amekukataza. Ambaye tayari anazamia bila kufunzwa aache kesho asubuhi, na akisikia ganzi mguuni usiku huu amwamshe mtu sasa hivi, wala asirudi majini akidhani maumivu yatapungua. Mwenye kituo akikataa kabisa kukufundisha, mbebee mitungi yake mpaka ukingo wa mashua, lakini usiivae.