Nyanya za Juu

Maneno yaliyonipa kazi yangu ya kwanza hayakuwa yangu. Niliyasikia asubuhi ileile, kwenye benchi, saa moja hivi kabla ya kuitwa ndani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mapokezi kwenye loji moja kule Tsavo Mashariki, na intavyu ikafanywa hapa Voi mjini, kwenye ukumbi wa kukodi. Nafasi moja. Sisi tulikuwa zaidi ya 30, kila mtu na bahasha yake ya kaki, shati la kuazima, na viatu vilivyopigwa rangi nyumbani halafu vikapigwa vumbi jekundu kabla ya kufika mlangoni. Kuna waliotoka Wundanyi na matatu ya alfajiri, kuna waliotoka Taveta. Mimi nilitoka Mwakingali kwa miguu, nikitembea polepole ili nisitoke jasho.

Kando yangu alikaa binti wa Sagalla. Wasiwasi huleta urafiki wa haraka, na baada ya dakika chache tulikuwa tunapiga stori kama watu waliosoma pamoja. Nikamuuliza, "Wakikuuliza lile swali la changamoto, utawaambia nini?" Hakuficha.

Alikuwa amefanya mafunzo ya kazini kwenye gesti moja. Jioni moja maji yakakatika. Mtu wa Voi hahitaji kuelezwa hilo. Bomba la maji ya Mzima linapita kaunti hii likielekea Mombasa, nasi bado tunanunua maji kwa mitungi. Mkubwa wake hapatikani kwenye simu, na wageni ndio hao wameshuka treni, wamechoka, wanataka kuoga. Akachukua pesa zake za nauli akamlipa mtu wa bodaboda amletee mitungi. Akaweka ndoo moja nje ya kila mlango kabla mgeni yeyote hajalalamika, halafu akapita akibisha, mlango baada ya mlango, kueleza kimetokea nini. Mzee mmoja alikuwa amekasirika sana. Huyo akamchemshia maji jikoni. "Asubuhi alinitafuta mpaka akanipata, ati hawezi kwenda bila kuniaga," alisema, akacheka.

Nikaitwa kabla yake. Swali la changamoto lilikuwa la tatu. Nilikuwa na jibu langu tayari, kitu fulani kuhusu kikundi cha vijana na pesa za jezi, jibu kavu kama mkonge. Nikafungua mdomo, zikatoka ndoo.

Sikupanga. Au niseme, sikupanga kwa muda mrefu. Nilipofika kwa yule mzee, mwenyekiti wa jopo aliweka kalamu chini akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Nikaongezea na changu: nilisema ndoo zote zilikuwa na vifuniko. Mama mmoja kwenye jopo akatikisa kichwa akitabasamu. Mpaka leo sijui vifuniko vile nilivitoa wapi.

Nilibaki pale nje nikizungumza na jamaa mmoja, ndiyo maana nilimwona akitoka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu mfukoni asikione. "Wamesema hadithi hiyo wameshaisikia leo," akaniambia. "Mmoja ameniuliza nimeisoma wapi." Nikaelewa kwamba bado hajaunganisha. Nikasema ninakimbilia gari, nikaondoka kabla hajaunganisha. Mimi, niliyekuja kwa miguu.

Wiki mbili baadaye simu yangu ikalia.

Rafiki yangu mmoja niliyemsimulia alinijibu, "Buda, huo ndio mchezo." Hoja yake si ya kutupwa. Nchi hii mwenye mjomba mahali hahitaji hadithi, na asiye naye ana mdomo wake tu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 232, inasema watu waajiriwe katika utumishi wa umma kwa ushindani wa haki na kwa ustahili, lakini tafuta kijana mmoja aliyezungusha bahasha miaka 3 akuambie anavyoamini hayo. Kama uwanja wenyewe umeinama, rafiki yangu anauliza, kwa nini mimi nisimame wima?

Tatizo ni kwamba yule binti hakuwa na mjomba pia. Nilimwibia aliyekuwa chini pamoja nami. Wenye wajomba hata hawakuwepo kwenye lile benchi.

Mapema mwaka 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilipotoa ripoti kwamba watu zaidi ya 2,000 katika taasisi za umma walipatikana na vyeti bandia, sote kazini tuliwacheka. Nilicheka kwa sauti. Halafu nikaenda msalani nikakaa kidogo. Cheti bandia angalau kinaweza kupelekwa kwa baraza la mitihani kikakaguliwa. Ndoo zangu zingekaguliwa na nani?

Sitaki kusema kwamba kujipamba mbele ya jopo ni dhambi. Ile methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nadhani ilitungwa na mtu aliyekuwa na kazi. Pita soko la Voi siku mboga zinaposhuka kutoka milima ya Taita utazame akina mama wanavyopanga nyanya. Zile nyekundu zisizo na doa huwekwa juu ya fungu, zilizobonyea huwekwa chini. Hakuna anayeita hilo uongo. Mnunuzi naye ni mtu mzima, anageuza fungu, anaminya, wanapatana bei. Kuvaa shati safi, kufanya mazoezi ya majibu mbele ya kioo, kutotaja kwamba ulipata D ya hesabu mpaka uulizwe: hizo zote ni nyanya za juu, na zimetoka shambani kwako. Mimi nilinyoosha mkono kwenye fungu la jirani nikachukua iliyo nzuri kuliko zote. Mnunuzi alipofika kwake akaikuta ya pili yake, akasema hii umeiba.

Hapo ndipo ninapokwama. Mwanasosholojia Erving Goffman alichapisha mwaka 1956 kitabu kinachosema kwamba maisha ya kila siku ni kama jukwaa: tunaigiza mbele ya wenzetu, na wao wanatusaidia kuigiza. Mimi ninakubali. Lakini kwenye intavyu kuna mtu wa tatu, yule anayesubiri nje kuigiza nafasi hiyohiyo. Tunapofundishana namna ya kung'aa mbele ya jopo, kila ushauri unatazama mlango wa ndani. Sijawahi kusikia ushauri unaotazama benchi.

Wengine hunifariji kwa kusema, lakini kazi si umeiweza? Nimeiweza. Miezi michache baada ya kuajiriwa, pampu ya loji iliharibika usiku na nyumba imejaa wageni. Nilijua la kufanya. Niliweka ndoo nje ya kila mlango kabla hawajauliza, nikabisha kila chumba kueleza, na kulikuwa na mzee, kweli kabisa, nikamchemshia maji. Meneja alinisifu mbele ya watu. Faraja hiyo ndiyo inayonikera kuliko yote, kwa sababu hata kuiweza kazi nilifundishwa naye.

Sasa mimi ndiye ninayewekwa kwenye majopo. Siulizi tena kuhusu changamoto. Nikisikia hadithi tamu, nauliza vitu vidogo: mtungi mmoja ulikuwa shilingi ngapi siku hiyo? Uliubeba vipi kwenye bodaboda? Yule aliyekasirika alisema neno gani kwanza? Mwenye hadithi huacha kunitazama, anatazama pembeni kule anakokumbuka. Mwenzangu mmoja anasema ninawahoji watu kama polisi. Huenda. Lakini kama yule mama wa jopo angeniuliza bei ya maji, ningekuwa nimerudi Mwakingali mchana uleule.

Desemba iliyopita nilimwona kwenye stendi, ameshaketi ndani ya gari la Mwatate, dirishani, mfuko wa unga miguuni. Ni yeye aliyenitambua. "Kaka wa benchi!" Tukasalimiana. Akaniuliza kama ile kazi niliipata.

"Niliipata," nikasema.

"Hongera," akasema, na sikuona chochote usoni mwake, si lawama wala kisichokuwa lawama. Nikasogea karibu na dirisha, nikaanza, "Dada, ile siku..."

Makanga akapiga bodi mara mbili.