Kukamata kwa Dhana



Kosa likiwa limetendeka kweli, na anayekamata akawa na nia njema, je, kukamata kwake ni halali kwa njia yoyote atakayotumia? Usifanye haraka kujibu. Tazama kwanza yaliyotokea Mwanza na Shinyanga mwaka 1976.

Huko Usukumani, kusini ya Ziwa Viktoria, vikongwe walikuwa wakiuawa kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi. Ushahidi ulikuwa neno la mganga na macho mekundu. Na ajuza aliyepika miaka yote katika moshi wa samadi, macho yake yatakosaje kuwa mekundu? Serikali ilikuwa na wajibu wa kuwalinda. Watu wengi wakakamatwa. Lakini mahabusi waliteswa ili waungame, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowashika.

Sasa pima. Muuaji alimhukumu kikongwe kwa dhana. Askari wale nao wakamhukumu mtuhumiwa kwa dhana, ila wao walivaa sare ya Serikali. Na maungamo ya fimbo hayamwambii hakimu nani ameua. Humwambia nani amechoka kupigwa.

Maiz alipomwendea Mtume s.a.w. kwa miguu yake mwenyewe kukiri zinaa, Mtume alimgeuzia uso mara kwa mara, akauliza kama ana wazimu, kama amelewa. Na hiyo ni ikrari ya hiari! Tena inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar r.a. alipanda ukuta wa nyumba akamkuta mtu na ulevi. Yule mtu akamwambia: mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu, umepeleleza, hukuingia kwa mlango, wala hukutoa salamu. Umar akamwacha, na ulevi ameuona kwa macho yake.

Utasema, basi wauaji watatucheka. Hata mimi huingiwa na shaka hiyo nikiwakumbuka wale ajuza. Lakini aliyefia mahabusi, kama siye, muuaji bado yuko nje, na hakuna tena anayemtafuta.

Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa mkono wake haukumgusa mtu. Baadaye maofisa waliohusika walishitakiwa Mwanza, wakafungwa. Kifungo chao nakiona halali: walisomewa mashitaka, mashahidi wakaulizwa, wakajitetea mbele ya jaji. Vikongwe hawakupata hayo, wala wale waliofia mahabusi.