Usiku Ambao Mtoto Atausahau

Mtoto wa miaka mitatu akilala hemani kisiwani Rubondo, akasikia viboko wakikoroma ufukweni, akauliza, "Baba, kiboko naye ana kwao?", akishakuwa mtu mzima hatakumbuka kuwa aliwahi kuuliza. Wengi wetu hatuna tunachokikumbuka cha umri huo. Kwa nini basi mzazi wa Mwanza awabebe wanawe, avuke Busisi, apite Geita hadi Nkome na kupanda boti, kwa ajili ya usiku utakaofutika?

Jibu la haraka ni kwamba anawafundisha. Watoto wa mjini, wa Nyegezi na Pasiansi, nao waujue msitu. Lakini Rubondo yenyewe inalitia shaka jibu hilo. Kati ya mwaka 1966 na 1969, kabla kisiwa hakijawa hifadhi ya taifa mwaka 1977, waliachiwa pale sokwe 17 kutoka Ulaya. Walikuwa wamezaliwa msituni, wakakamatwa, na baadhi yao wakakaa miaka mingi vizimbani. Hapakuwa na mama wa kuwaonyesha tunda la kula wala jinsi ya kutandika kiota cha kulalia. Walijifunza wenyewe, na uzao wao upo hadi leo. Ujuzi, basi, unaweza kupatikana hata bila mzazi. Kama ni kuwasha moto na kufunga kamba za hema, mwanangu atafundishwa na yeyote.

Labda basi tunamwekea kumbukumbu? Kumbukumbu ni yaliyopita ambayo mtu anaweza kujisimulia. Mtoto huyu hataweza. Hata hivyo, yapo yaliyopita yanayokaa ndani ya mtu bila kusimulika, na mojawapo ni imani. Sisemi imani ya dini. Nasema ile hali ya mtu kuacha kujilinda kwa sababu yupo mwingine anayemlinda. Usingizi wa mtoto ndio sura yake iliyo wazi kuliko zote. Nyumbani imani hiyo imegawanywa: ukuta una fungu lake, komeo lina lake, taa ya barazani ina lake. Hemani, penye kitambaa tu kati ya mtoto na viboko, fungu lote linamwangukia mzazi. Mtoto anashika kidole chako, anauliza maswali mawili matatu, kisha katikati ya neno analala. Wewe unabaki macho, na pengine kwa mara ya kwanza unauhisi uzito wa ulichokabidhiwa tangu alipozaliwa. Nadhani safari hizi humlea mzazi kabla ya kumlea mtoto.

Lakini ukaribu huo wa mzazi na mtoto si mali ya wenye mahema. Usiku wa giza, taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa ziwani, na kila taa ina watu wanaokesha ili watoto wao wa Igombe au Kayenze wale na waende shule. Je, baba anayekesha huko yuko mbali na mwanawe? Kwa maana ya kujitoa, hapana. Hakuna aliye karibu kuliko yeye. Tatizo ni kwamba mtoto mdogo hawezi kuanzia kwenye sahani ya ugali akafikiri mpaka akamfikia baba. Anaujua mkono, sauti na harufu ya shati. Upendo usiomfikia kwa njia hizo ni wa kweli, ila ataugundua baadaye sana, na wengine huugundua msibani.

Mvuvi, hata hivyo, ana kitu ambacho sisi wa maofisini na madukani hatuna. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na baba yuko nyumbani usiku bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kazi zetu hazina mbalamwezi. Simu inaita saa nne usiku mwezi uwe mwembamba au mpevu, na mtoto anaambiwa asubiri. Ndiyo maana tunavuka maji kwenda kujitengenezea mbalamwezi yetu.