Kalamu Iliyoinuliwa

Kwenye kitengo chetu cha elimu mjumuisho, kauli ninayoisikia zaidi kwa wageni ni hii: "Huyu hana hesabu." Wanaisema kwa huruma. Wanataka kumliwaza mzazi, kwamba mwanao ni wa peponi, malaika hawamwandikii kitu. Wameitoa kwenye hadithi ambayo kila aliyepita chuo cha Kurani anaijua: kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na asiye na akili timamu mpaka akili imrudie. Hadithi hiyo siigusi, rehema yake naitegemea mwenyewe kila siku ninapowatazama wanafunzi wangu. Ugomvi wangu ni na hatua ya pili, ile ambayo watu huivuka bila kujua kuwa wamevuka.

Mama mmoja, mzazi wa kitengo chetu, alimpeleka mwanawe chuo cha jirani. Kijana ana usonji. Maneno yake ni machache, lakini kisomo cha Kurani kikianza hukaa kitako akatulia, jambo ambalo mimi darasani silipati hata kwa hongo ya biskuti. Maalim alimkaribisha mama kwa adabu zote, kisha akamwambia: "Mama, huyu Mwenyezi Mungu keshamsamehe. Usijitaabishe, mrudishe nyumbani." Mama akarudi nyumbani na msamaha wake.

Ndiyo hatua yenyewe. Kutoka "hataulizwa" tukaingia "hahitajiki". Je, ambaye Mungu hamhesabii, Mungu hasemi naye pia? Ibada ni ya wenye akili peke yao?

Swali hili lilinikaa vizuri zaidi msituni Jozani, hapa Unguja, kuliko darasani. Msitu huo uko mwendo wa kama kilomita 35 kutoka mjini, na tangu mwaka 2004 ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Huwapeleka watoto pale tukipata gari. Ukiingia ndani baridi inakuja kabla macho hayajazoea kiza. Ardhi ni chepechepe, wakati wa masika miti husimama majini, na mizizi imekatiza njia kila mahali, kwa hiyo mtoto mwenye mtindio wa ubongo hubebwa mgongoni, na mama yake mwenyewe kwa kanga au na mmoja wetu. Atakayekuambia msitu ni dawa ya watoto hawa hajakwenda nao. Kijana wetu mmoja aliona siafu wamekata njia, akapiga kelele, akarudi garini na hakushuka tena. Hiyo ni haki yake. Siafu hata mimi siwapendi.

Lakini yupo msichana wetu, ana sindromu ya Down, na kwao wamemlea kwa salamu. Hapiti mtu bila kumtolea salamu. Alipoingia msituni aliendelea vile vile: mtondoo mkubwa, "Assalamu alaykum", mkindu, "Assalamu alaykum", kima punju aliyekaa tawini anatafuna majani, "Assalamu alaykum, babu." Mtembezaji, mtu mzima wa vijiji vya huko, alikuwa akiitikia kwa niaba ya wote bila kucheka. Mwalimu mwenzangu akaninong'oneza, "Mwambie basi, miti haisalimiwi."

Nilitaka kumwambia, kisha nikajiuliza nitamwambia kwa dalili gani. Suratul Israi, aya ya 44, inatufahamisha kuwa hakuna kitu ila kinamsabihi Mola wake, ila sisi ndio hatuufahamu utajo wao. Katika masimulizi ya Nabii Daudi, milima na ndege walisabihi pamoja naye. Na hapa kwetu, nani hajasikia kisa cha kile kigogo cha mtende alichokuwa Mtume (S.A.W.) akikiegemea akihutubia, alipotengenezewa mimbari kikalia kama ngamia mwenye mimba, mpaka akashuka akakikumbatia? Sisi wenyewe tunakisimulia na machozi yanatutoka. Halafu mtoto anautolea salamu mti, tunaona ni upungufu wa akili.

Najua nitakachoambiwa: unamfananisha mtoto wa watu na mti. Hapana, na tofauti yao ndiyo hoja yangu. Mwishoni mwa Suratul Ahzab tunaelezwa kuwa amana ilionyeshwa mbingu na ardhi na milima, vikakataa kuibeba, vikaiogopa, akaibeba mwanadamu. Mti basi hauna amana, hauna kalamu, hauna hesabu, na juu ya hayo Kurani haikuutoa katika ibada. Ikiwa kukosa kalamu hakukuutoa mti, kutamtoaje mwana wa Adamu, ambaye ni wa ukoo ule ule ulioibeba amana, isipokuwa yeye kapunguziwa mzigo njiani?

Kuna wanaolijenga jengo lote juu ya akili, na si wajinga. Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusi aliyefariki mwaka 1185, aliandika kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyejikuta peke yake kisiwani akanyonyeshwa na paa. Paa alipokufa, mtoto alimpasua kifua kutafuta kilichoondoka. Tangu hapo akawa anachunguza, miti, moto, nyota, mpaka kwa fikra zake tu, bila mwalimu wala kitabu, akamjua Muumba. Ni kisa kitamu, na kila nikimwona paa msituni Jozani hunijia. Ila kina mlango mmoja tu wa kuingilia, na mlango huo ni mwembamba. Wanafunzi wangu wengi hawatapasua hoja ikafika mwisho. Kama njia ya kumjua Mungu ni ile ya Hayy peke yake, basi wengi wao wamefungiwa nje tangu kuzaliwa, na aliyewafungia ni yule yule aliyewaumba. Hilo mimi siwezi kuliamini, na sidhani maalim yule analiamini.

Tena kisiwa chetu hiki kina ushahidi wa aina nyingine ya ujuzi. Hao kima punju, ambao kwa asili hawapatikani popote duniani ila Unguja, hula majani ya miembe na mikungu kwenye mashamba ya pembezoni. Majani hayo yana sumu ya kuvuruga tumbo. Basi huokota makaa kwenye tanuri za wachoma mkaa wakayatafuna, na makaa hunasa ile sumu. Wataalamu waliwachunguza wakakuta ndivyo. Kima huyo hakupita hoja kwa hoja. Kurani inamtaja nyuki kuwa kafunuliwa na Mola wake namna ya kujenga nyumba yake. Basi kuna kujua kunakotolewa bila kupitia mantiki, na sioni kwa nini tumkubalie nyuki tumkatalie mtoto anayetulia akisikia kisomo.

Turudi kwenye sharia, maana maalim huzungumza lugha hiyo. Kalamu kuinuliwa ni rukhsa. Msafiri ana rukhsa ya kula mchana wa Ramadhani, na sijasikia msikiti uliomfungia mlango kwa sababu hiyo. Mgonjwa ana rukhsa ya kuswali ameketi, na safu inampisha. Rukhsa humwondolea mtu adhabu ya kutofanya, haimnyang'anyi nafasi ya kufanya anachoweza. Ni kwa hawa watoto tu ndipo tumeigeuza rukhsa ikawa barua ya kumfukuzia mtu.

Na kosa hilo limeshakemewa. Kipofu Abdullah bin Ummi Maktum alimwendea Mtume (S.A.W.) akitaka kufundishwa, wakati Mtume anazungumza na wakubwa wa Kikureshi, watu ambao kusilimu kwao kungebadilisha mambo. Mtume alikunja uso. Ikashuka Suratu Abasa, na lawama yake tunaisoma katika swala mpaka leo. Kipofu yule baadaye alikuwa muadhini, na Mtume akisafiri aliwahi kumwachia Madina. Utasema yule alikuwa kipofu, akili yake kamili. Ni kweli. Lakini lililompa haki, kwa aya zenyewe, ni kwamba alikuja mbio akiwa na hofu ya Mungu. Hakutahiniwa kwanza.

Msichana wetu siku ile alisalimia mpaka alipochoka, na yule mtembezaji hakuacha kumwitikia.

Nawaomba basi maalim wa vyuo vya Unguja na Pemba. Mtoto kama huyu akiletwa, msianze kwa kuuliza atahifadhi juzuu ngapi. Mpisheni mkekani, akae na wenzake, asikilize. Akipiga kelele siku ya kwanza, mpokeeni na siku ya pili. Na mama yake msimrudishe nyumbani kwa hadithi iliyokuja kumpunguzia mzigo.