Dhana, Yakini na Vifungo vya Salfa

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Muheza, mji unaofikiwa kwa barabara itokayo Tanga kupitia Pongwe, watafiti wakiwemo Patrick Duffy na Michal Fried waliwafuatilia kina mama wajawazito na watoto wao ili kuielewa malaria ya mimba, ambayo humwelemea zaidi mwenye mimba ya kwanza kuliko aliyekwisha kuzaa mara kadhaa. Watafiti hao wawili walikuwa wameonyesha mwaka 1996, kwa sampuli za Kisumu, kwamba chembe nyekundu za damu zilizoingiliwa na kimelea hunata kwenye kondo la nyuma; protini inayozinatisha ilitambuliwa baadaye, ikaitwa VAR2CSA, na kinga anayoipata mama kwa kila mimba hutokana kwa sehemu kubwa na mwili wake kujifunza umbo la protini hiyo.

Umbo ndilo jambo lenyewe. Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja, na miongoni mwa asidi hizo imo sisteini, yenye atomu ya salfa. Sisteini mbili zinapokutana, salfa zao huweza kuungana na kufanya kifungo cha disalfaidi, ambacho hulikaza umbo lisilegee. Vikoa vya VAR2CSA, yaani vipande vyake vinavyojikunja kila kimoja kwa nafsi yake, vina sisteini nyingi, na anayetaka kutengeneza chanjo kutokana na kipande kimojawapo hana budi kujua ni ipi imefungwa na ipi, kwani vifungo vikikosewa mwili hufundishwa umbo la adui asiyekuwepo.

Hesabu ya uwezekano hupanda haraka: sisteini nne zikifungana zote huweza kupangwa kwa njia 3, sita kwa njia 15, nane kwa njia 105, na kumi kwa njia 945. Christian Anfinsen, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1972, alionyesha kwamba ribonyukliasi, kimeng'enya chenye sisteini nane, huweza kuvurugwa vifungo vyake kisha, hali ikirekebishwa, kikarudi chenyewe kwenye mpango mmoja sahihi kati ya 105. Programu za kompyuta zinazobashiri vifungo hivyo hazipiti njia hiyo ya maumbile. Hulinganisha mifuatano ya protini za ukoo mmoja na kuangalia, kwa mfano, kama sisteini mbili hudumu pamoja na kupotea pamoja, dalili kwamba zinahitajiana. Kisha hutoa ubashiri pamoja na kipimo cha jinsi unavyoaminika. AlphaFold, ambayo toleo lake la pili lilitangazwa mwaka 2020, hukisia mahali pa kila atomu, na msomaji huhesabu kuwa kuna kifungo pale salfa mbili zinaposogeleana kufikia takriban nanomita 0.2.

Je, kutaja kilichofichika namna hiyo ni kudai elimu ya ghaibu? Katika mwambao, ambako wapiga ramli hawajaadimika, swali hili si la kupuuzwa, na aya ya 34 ya Sura Luqman, inayotaja yaliyomo matumboni, imewahi kuzusha mjadala wa aina hiyo kuhusu kipimo cha utrasaundi. Wanazuoni hutenganisha ghaibu isiyofikiwa na kiumbe yeyote na ile inayofichika kwa mmoja ikadhihirika kwa mwingine, na kifungo cha salfa bila shaka ni cha aina ya pili. Lakini jibu hilo, ingawa ni sahihi, ni jepesi mno, kwa sababu linaondoa tuhuma tu bila kusema ubashiri wenyewe ni elimu ya daraja gani.

Imamu Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa, kitabu cha mwaka 1095, alikana kwamba moto na kuungua kwa pamba vimefungamana kwa lazima. Kinachojulikana ni ada, yaani mazoea ambayo Mungu huyaendesha mambo kwayo. Mtu aweza kuikataa hoja hiyo kuhusu ulimwengu mzima na bado akaona kwamba inaieleza kompyuta barabara. Programu iliyofunzwa kwa maelfu ya protini zilizokwisha kupimwa haijui kwa nini salfa hushikana. Inajua ada, na pale mfuatano unapokuwa mgeni, usio na jamaa wa kulinganishwa nao, huyumba. Jeni za kimelea zilizo katika jamii moja na ile ya VAR2CSA hubadilika na kuchanganyika kupita kiasi, kwa hiyo hapo tahadhari si adabu tu.

Fikihi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, ina mizani iliyo tayari katika mlango wa kibla. Kutoka Pongwe Kaaba iko karibu kaskazini kamili, lakini haionekani, na asiye na njia ya kuijua kwa yakini hujitahidi kwa dalili na kusali kwa dhana, yaani kuelemea upande mmoja huku upande wa pili ukiwa bado unawezekana. Minhaj ya Imamu Nawawi haimruhusu anayeweza kuijua kibla kwa yakini kutegemea jitihadi. Jitihadi ikibadilika kwa jitihadi nyingine, mtu hufuata ya pili wala halipi sala zilizopita. Lakini kosa likithibitika kwa yakini, kwa kauli yenye nguvu zaidi, hulipa. Kwa mizani hiyo, programu mpya inayopinga ya zamani ni dhana juu ya dhana, ilhali picha za VAR2CSA zilizopatikana mwaka 2021 kwa hadubini ya elektroni, protini ikiwa imegandishwa, zinakaribia yakini, na ubashiri ukipingana nazo hauna utetezi.

Mlinganisho huo hata hivyo una mpaka. Anayekosea kibla hulipa mwenyewe, ilhali kifungo kilichokisiwa vibaya hulipiwa na mwili wa mtu ambaye hakujitahidi wala hakukisia chochote, na sindano hairudishwi kama rakaa. Dhana inayotosha kumruhusu mtafiti achague kipande cha kutengeneza haitoshi kumruhusu amdunge mjamzito. Ndiyo maana chanjo mbili za VAR2CSA zilizofika kwa binadamu, PAMVAC na PRIMVAC, zilianza kwa watu wazima wachache wasio na mimba, Ujerumani na Benin kwa ya kwanza, Ufaransa na Burkina Faso kwa ya pili, ingawa wanaozihitaji ni kina mama wa mahali kama Muheza.